Chujio la Mkaa kwa Chumba cha Uyoga

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vinavyolima uyoga mijini)



Kilimo cha uyoga aina ya mamama kimeingia mijini, na huko kimekutana na jambo ambalo mkulima wa shamba hana haja ya kulifikiria sana, nalo ni jirani. Chama kinachopanga chumba uani mwa nyumba ya watu, kikasimamisha ndani yake hema la nailoni na kupanga mifuko ya mabua au ya maganda ya pamba, huwa kimeweka akiba ya wanachama wote mahali ambapo mwenye ufunguo ni mtu mwingine. Harufu ikitoka kila siku dirishani na kuingia jikoni kwa jirani, malalamiko hufika kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba akitaka chumba chake, hangoji mavuno. Mifuko iliyokwisha kuota haihamishiki kwa mkokoteni bila hasara. Kwa sababu hiyo suala la chujio la mkaa, ambalo kwa nje laonekana kuwa ni jambo la mafundi, ni suala linalofaa kuzungumzwa katika mkutano wa chama.

Chujio hilo laweza kutengenezwa kwa mkono, kwa wavu wa waya, mkaa na feni moja. Lakini kabla ya kununua hata msumari, yafaa ieleweke ni kazi gani linaifanya na ni kazi gani haliifanyi, kwa maana fedha nyingi za vyama hupotea kwa kununua kitu kizuri kwa ajili ya kazi isiyo yake.

Hewa itokayo katika chumba cha uyoga hubeba mambo matatu. La kwanza ni harufu. La pili ni vumbi jembamba sana linalomwagwa na uyoga wenyewe unapokomaa, ambalo wataalamu huliita spora. Kila chembe yake haizidi sana sehemu moja ya mia ya milimita kwa urefu. La tatu ni hewa ya kaboni dioksidi, kwa kuwa uyoga hupumua kama anavyopumua mnyama: huvuta oksijeni na kutoa kaboni dioksidi. Mkaa huondoa harufu. Spora huzuiwa na kitambaa, si mkaa. Kaboni dioksidi haizuiwi na kimoja wala kingine. Huondoka tu pale hewa ya ndani inapotolewa na hewa mpya kuingia. Anayeyachanganya mambo haya matatu atajenga chujio zuri na kuharibu mazao.

Atayaharibu kwa njia hii. Uyoga mamama unapoanza kuchanua huhitaji hewa yenye kaboni dioksidi chini ya sehemu 1,000 hivi katika milioni. Hewa ya nje siku hizi ina sehemu zaidi kidogo ya 420. Ikizidi ndani ya chumba, uyoga huota vikonyo virefu na vyembamba vyenye vikofia vidogo, mfano wa mche uliooteshwa gizani, na sokoni hakuna mnunuzi wa vikonyo. Basi chama kinachofunga chujio zito mbele ya feni dhaifu huwa kimeziba pua ya chumba chake. Harufu itapungua, ni kweli, lakini itapungua kwa sababu hewa haitoki kabisa.

Mkaa nao una elimu yake. Harufu ni chembe za hewa zinazoelea, na chembe hizo zikipita katika vitundu vidogo vya mkaa hunata juu ya kuta zake. Si kwamba mkaa unakunywa harufu kama sifongo linavyokunywa maji. Chembe hukaa usoni pa mkaa, na kwa hiyo jambo la maana ni ukubwa wa uso huo. Mkaa amilifu, yaani mkaa uliotiwa nguvu kiwandani kwa mvuke wenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi, huwa umetobolewa vitundu vingi kiasi kwamba gramu moja tu, inayoweza kukaa katika kijiko, ina uso wa mita za mraba zipatazo 1,000. Mkaa wa jikoni una sehemu ndogo tu ya uwezo huo.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1854 mkemia John Stenhouse alionyesha huko London jinsi mkaa unavyoondoa uvundo, na mkaa ukawekwa katika matundu ya kupitishia hewa na katika vifaa vya kufunika pua na kinywa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, baada ya gesi ya sumu kutumiwa kwa wingi huko Ypres mwezi wa Aprili 1915, Mrusi Nikolai Zelinsky alitengeneza kifuniko cha uso chenye mkaa uliotiwa nguvu. Na ilipofika mwaka 1918 wananchi wa Marekani walikuwa wakiombwa kukusanya kokwa za matunda na maganda ya njugu ili zichomwe mkaa wa vifaa hivyo. Mkaa uliosifiwa kuliko mingine ulikuwa wa vifuu vya nazi, kwa kuwa ni mgumu, hausagiki upesi kuwa vumbi, na vitundu vyake ni vidogo sana. Hata leo mkaa wa vifuu ndio unaotafutwa kwa kuchujia hewa. Huku pwani kifuu kinachosalimika moto wa jikoni hugeuzwa upawa.

Hapo huzuka swali ambalo halina budi kujibiwa wazi: je, chama cha Tanga au cha Mafia hakiwezi kuchoma vifuu vyake chenyewe? Kuchoma mkaa wa vifuu ndani ya pipa lililonyimwa hewa ni kazi inayowezekana kabisa, na mkaa wake ni mzuri. Kuutia nguvu ndiko kusikowezekana nyumbani. Joto la nyuzi 800 pamoja na mvuke si la tanuri la ua, na njia nyingine ya kutumia asidi au magadi makali ya viwandani yaweza kumpofusha mtu. Yako maelezo yanayozunguka ya kuloweka mkaa katika maji ya ndimu na kuukausha jikoni. Mkaa huo haugeuki kuwa wa kiwandani kwa sababu umeoshwa kwa ndimu. Shauri lenye faida ni kununua mkaa amilifu wa punje kwa wauzaji wa vifaa vya kusafishia maji. Aghalabu huuzwa katika magunia ya kilo 25, na kama itakavyoonekana, gunia moja latosha vyumba vitatu. Hapa ndipo ushirika unapofaa: vyama vitatu vikiagiza pamoja, hakuna kitakachobaki na nusu gunia linalovuta unyevu ghalani.

Uchukuliwe mfano wa chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 30. Ikiwa hewa itabadilishwa mara 6 kwa saa, feni itatakiwa kutoa mita za ujazo 180 kwa saa, yaani lita 50 kila sekunde. Kwa chumba hicho chujio lenye umbo la pipa jembamba litatosha: kipenyo cha nje sentimita 25, kipenyo cha ndani sentimita 15, na urefu sentimita 50. Baina ya wavu wa nje na wa ndani panabaki nafasi ya sentimita 5 pande zote, nayo ndiyo inayojazwa mkaa. Nafasi hiyo huchukua lita 16 hivi, ambazo kwa mkaa wa vifuu ni karibu kilo 8. Hewa ikipita humo kwa mwendo uliotajwa, hukaa ndani ya mkaa theluthi moja ya sekunde, na muda huo, ingawa ni mfupi kuliko kupepesa kope mara mbili, watosha kwa harufu za kawaida.

Wavu wa nje hukatwa sentimita 82 kwa 50, na wa ndani sentimita 50 kwa 50. Sentimita 3 katika kila kipande ni za kupishanisha na kushona kwa waya. Wavu wa kuku una matundu makubwa mno, hivyo hutumiwa kama mifupa tu, na juu yake hulazwa wavu mwembamba wa madirishani unaozuia mbu. Punje za mkaa ziwe za milimita 3 au 4. Mwisho mmoja wa pipa huzibwa kabisa kwa mfuniko wa mbao au bati. Mwisho wa pili huzibwa sehemu ya mkaa peke yake, na katikati huachwa tundu la sentimita 15 lenye pete ya bati ambayo bomba la feni litafungwa juu yake. Fundi yeyote wa bati, kama wale wa Gerezani, Dar es Salaam, ataifanya pete hiyo kwa muda mfupi akipewa vipimo sahihi. Asipopewa vipimo atakisia, na bomba halitaingia.

Kabla ya kujaza, mkaa hupepetwa nje ya nyumba, penye upepo, na anayepepeta awe amefunika pua na kinywa. Vumbi la mkaa lisipotolewa litaingia katika feni na kuifupishia maisha. Kujaza kunataka subira zaidi kuliko nguvu. Mkaa humiminwa kidogo kidogo huku pipa likigongwa gongwa ubavuni, ili punje zijipange na pasibaki pengo. Hewa ni kama maji ya mfereji: ikipata mwanya mmoja, yote itapita hapo na kuuacha mkaa mwingine ukae bure. Hali kadhalika chujio lililosafirishwa kwa gari katika barabara mbovu sharti lifunguliwe na kuongezwa mkaa juu, kwa kuwa mkaa hushuka kwa kutikiswa. Mapipa mengi yanayosemwa kuwa “hayafanyi kazi” yana ugonjwa huo tu.

Likiwa tayari, pipa huvikwa kitambaa cha kuzuia vumbi, na hapo ndipo spora zinapokamatwa. Pamba ya kutengenezwa, ile inayowekwa ndani ya mito, ikitandazwa tabaka moja jembamba na kushikizwa kwa nailoni nyepesi, hufaa kwa sehemu kubwa ya vumbi. Kitambaa hiki hufuliwa kila juma wakati wa mavuno. Kikiachwa, huvaa utando mweupe wa spora, hewa ikashindwa kupita, na chama kikadhani feni imekufa.

Feni yenyewe isiwe ya mezani. Feni ya mezani ina mapanga mapana yanayosukuma hewa nyingi pasipo kizuizi, lakini mbele ya sentimita 5 za mkaa huzunguka bure. Inayotakiwa ni ile iliyofungiwa ndani ya kasha la duara mfano wa konga la konokono, ambayo huvuta hewa kwa nguvu hata penye ukinzani. Hufungwa nyuma ya chujio, ili ivute hewa kupitia mkaa na kuitoa nje kwa bomba. Ikifungwa hivyo, chumba chote huwa kinanyonywa: mlango ukiwa na ufa, hewa huingia kwa ufa huo badala ya harufu kutoka. Pia sharti liachwe tundu la kuingizia hewa mpya, lisilopungua ukubwa wa bomba, lililofunikwa wavu mwembamba wa kuzuia inzi wadogo wa uyoga. Chujio kamili lina uzito wa kilo 10 hivi, kwa hiyo lining’inizwe kwa mnyororo kwenye boriti, si kwenye fito za hema. Nyaya za umeme zipitishwe juu, mbali na maji ya kunyunyizia, na fundi wa umeme aliyehitimu aunge waya wa ardhi. Huo ni mkono wa umeme na maji katika chumba kimoja. Haufai kufanyiwa majaribio.

Palepale liko jambo ambalo wengi wanaojenga machujio haya hulisahau, nalo huwakuta walimaji wa uyoga kuliko wakulima wengine. Uyoga hutaka unyevu wa asilimia 80 hadi 90 katika hewa. Mkaa hautaki unyevu huo. Hewa ikiwa na unyevu unaozidi asilimia 70 hivi, maji huanza kujaza vitundu vya mkaa, na chembe za harufu zikifika hukuta nafasi imekwisha kukaliwa. Basi chujio likining’inizwa ndani ya hema la uyoga kama linavyoning’inizwa ndani ya hema la mboga, litachoka mapema mno. Dawa ni kulitoa nje ya hema na kuliweka juu, karibu na dirisha la chumba. Hema hupumua ndani ya chumba kupitia matundu yake yenye kitambaa. Hewa yake huchanganyika na hewa kavu zaidi inayoingia. Na mchanganyiko huo ndio unaovutwa na chujio. Tena feni izimwe wakati wa kunyunyiza maji, iwashwe baada ya robo saa. Vyama vya Dodoma na Iringa vitapata nafuu kubwa kwa mpango huu. Vyama vya pwani, ambako hewa ya nje yenyewe ni nyevu, vitapata nafuu ndogo, na ni haki vielezwe mapema kwamba mkaa wao utabadilishwa mara nyingi zaidi, ili gharama hiyo iingie katika makisio ya mwaka na isije kuzua maneno.

Umeme ukikatika, madirisha yafunguliwe. Jirani ataona harufu kwa saa chache, lakini uyoga ulionyimwa hewa usiku kucha hauna msamaha.

Ipo harufu ambayo haipasi kuchujwa. Mifuko yenye afya hunukia uyoga. Mifuko iliyotiwa maji kupita kiasi, au iliyoingiwa na uozo, hutoa harufu ya uchachu au ya amonia, ile inayochoma pua mfano wa mkojo uliokaa. Mwanachama anayefika asubuhi na kusikia harufu hiyo huwa amepewa taarifa bora kuliko yoyote iliyomo daftarini: uko mfuko unaooza, nao utaambukiza jirani zake. Chama kinachowasha feni na kuendelea na kazi kimejinyima taarifa hiyo. Kwa bahati mkaa wa kawaida haukamati amonia vizuri, hivyo ikiendelea kusikika hata baada ya chujio, isidhaniwe kuwa chujio ni bovu. Mifuko ikaguliwe kwanza.

Na sasa kuhusu mapafu, jambo ambalo kwa uzito lilistahili kuja mwanzo. Spora za uyoga mamama ni nyingi sana, na watu wanaozivuta kila siku katika vyumba vilivyofungwa huweza kupata ugonjwa unaojulikana katika nchi zenye kilimo kikubwa cha uyoga: kikohozi, homa, baridi ya mwili na kubanwa kifua, saa 4 hadi 8 baada ya kutoka kazini. Kwa kuwa huja jioni, mgonjwa hudhani ni malaria au mafua, hutumia dawa, hupumzika siku mbili, hupata nafuu, kisha hurudi chumbani na kuugua tena. Akiendelea hivyo mwaka hadi mwaka mapafu hupata makovu yasiyoondoka. Chujio lililokwisha kuelezwa humlinda jirani. Halimlindi mwanachama aliye ndani, kwa sababu yeye huvuta hewa kabla haijafika kwenye kitambaa. Kinga yake ni kuchuma mapema, wakati kingo za vikofia zingali zimejikunja kuelekea chini, kabla hazijatanda na kumwaga spora, na kuvaa barakoa inayobana vizuri usoni wakati wa kuchuma. Mwanachama anayeugua mara kwa mara jioni za siku za mavuno apelekwe hospitali na amweleze daktari kazi anayoifanya. Asipomweleza, daktari hana njia ya kujua.

Yako mawili ya kuonywa kwa ukali. Katika nyanda za baridi hutokea watu kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku ili kulinda joto la mifuko. Jiko hilo hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Mkaa wa chujio hauizuii hata kidogo. La pili ni kuchukua punje za mkaa zilizobaki, kuzitia katika kopo na kujifungia puani wakati wa kunyunyiza dawa za mimea au kufukiza ghala. Kopo hilo si kinga, kwa maana hakuna anayejua ni hewa gani inapita pembeni mwake na mkaa wake umechoka kiasi gani. Na mtu aliyelivaa hukaa ndani ya sumu kwa muda mrefu zaidi kuliko asiyevaa kitu, kwa kuwa ana imani nalo.

Kulipima chujio jipya ni rahisi. Moshi wa ubani ukiwashwa karibu na ufa wa mlango, kwa upande wa nje, utaonyesha kama hewa inaingia chumbani inavyopasa. Kisha maganda ya machungwa yaliyopondwa yawekwe sahanini chini ya chujio, na mtu asimame nje penye mdomo wa bomba. Harufu ya chungwa hukamatwa vizuri sana na mkaa. Ikisikika nje, basi uko mwanya, na pipa lifunguliwe. Mtu huyo asiwe mwanachama aliyeshinda chumbani, kwa sababu pua iliyozoea haishuhudii kitu. Aitwe jirani yule yule aliyelalamika. Tarehe ya kujaza mkaa, uzito wake, na tarehe ya kila kipimo cha namna hii viandikwe na katibu katika daftari la mali ya chama. Mkaa uliochoka waweza kuanikwa juani siku mbili tatu ukarudishiwa sehemu ya nguvu zake, hasa nguvu zilizochukuliwa na maji; ukianikwa mara ya pili au ya tatu na chungwa likaendelea kusikika nje, mkaa huo uchanganywe na mboji, na gunia jingine lifunguliwe.